Mzee Slesi Avuka Mlima

Mzee Slesi alisambaza mikate kwa baiskeli tangu ndevu hazijamwota. Alfajiri alipakia kreti kwenye keria nyuma ya bekari, akazungukia maduka ya mji wao, mji uliolala tambarare hadi miguuni pa milima. Na alikuwa na namna yake ya kusimama: hakufunga breki. Ukifunga breki ghafla mikate inabondeka, na mkate uliobondeka mwenye duka hapokei. Basi aliacha kupiga pedeli akiwa bado mbali, baiskeli ikajiendea taratibu, ikafika mlangoni imekwisha mbio. Watu walimsifu kwa hilo, naye sifa alizipenda, tusidanganyane.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo ya milima, na mjukuu alishaanza kukimbia bila babu kumtia machoni. Mkewe alikwenda kuwaona kwa basi linalozunguka mbali. Yeye, basi hapana. Akipanda gari lenye injini, hata halijatoka stendi, anatapika hadi nyongo. Alinyonya malimau, alifumba macho, alikaa mbele na dereva. Dereva mwenyewe ndiye aliyemshusha. Siku moja kwenye simu akamwomba binti radhi, na binti akamjibu kwa upole kwamba asijisumbue, ameshazoea. Afadhali angemtukana. Mtoto wako akishazoea kukukosa, umebaki baba wa nini?

Akatangaza kwamba atavuka mlima kwa baiskeli, peke yake. Mkewe akauliza kama anamfuata mke mdogo. Akajibu ndiyo, yule mjukuu ndiye mke wake, kwa hiyo bibi ajiandae kwa ukewenza. Mkewe akacheka, kisha akaenda kumchemshia viazi vya njiani.

Mtaa mzima ulijua kazi iko kwenye kupanda. Fundi baiskeli akakaa naye kupunguza uzito: wakang'oa kengele, madigadi, stendi, na breki nazo, maana mtu asiyefunga breki anabebea nini vyuma? Hakuna aliyehoji. Wote walikuwa watu wa tambarare.

Akapanda. Pedeli zilipokataa alishuka akasukuma, na giza lilipoingia alilala kwenye vibanda vya watengeneza barabara. Mlima ukamnyamazisha, yeye ambaye kwa domo hakuwa na mpinzani. Miti ikawa mifupi, kisha ikakoma kabisa, yakabaki mawe na upepo. Asubuhi moja aliona mawingu yakipita chini yake. Chini yake, jamani. Maisha yake yote alikuwa akiyatazama mawingu kwa kuinua shingo, leo anayachungulia kama mtu aliye dirishani.

Juu kabisa akavua kofia. Kutoka bekari milima ilionekana ukuta mmoja. Kumbe ilikuwa milima nyuma ya milima, ikififia hadi macho yakashindwa, na katikati bonde la kijani na mto unaometa. Akajiona chembe ya unga, na ajabu ni kwamba udogo ule haukumwumiza. Alifurahi kuwa mdogo mahali pakubwa namna ile. Akalia bila kujificha, kwani nani wa kumwona?

Akafuta macho, akapanda baiskeli ateremke. Ikachomoka. Vidole vikatafuta breki, vikakuta hewa. Akajitupa kwenye majani ya kando, baiskeli ikamwangukia, kiwiko kikachubuka, na pale chini akaanza kucheka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: methali hiyo alikuwa akiwaambia watu kila wiki.

Basi mlima wote upande wa pili aliushuka kwa miguu, ameing'ang'ania baiskeli kwa nyuma kama mbuzi anayetaka kukimbilia zizini. Kwa mwendo ule hakuna kilichompita. Aliona maji yakidondoka kutoka juu sana hadi yakawa ukungu kabla ya kufika chini. Aliona jua likihama mteremko hadi mteremko, na ndege wakiruka chini ya miguu yake, akaona migongo yao. Alisema "Ee Mungu wangu" mara nyingi hadi sauti ikamkauka.

Uani kwa binti yake alimkuta mtoto wa kike akipanga vifuniko vya chupa. Mtoto akamtazama, akamwuliza ametoka wapi. Akaonyesha mlima.

"Huko hakuna watu," mtoto akasema. "Watu wanatoka stendi."

Binti akatoka na beseni la nguo. Kwanza aliitambua baiskeli iliyompeleka shule, ndipo akamtambua aliyeishika. Akaliweka beseni chini polepole.

"Baba. Mlima wote huo?"

"Wote."

Akamshika mikono, akaigeuza, akayaona malengelenge. Akaketi pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti kama alivyolia utotoni, na baba yake asijue afanye nini. Mtoto akamvuta mama gauni, akauliza huyu ni nani. Mzee Slesi akachuchumaa.

"Mimi ni babu yako," akamwambia. "Mtu wa huko."