Kaseti, Diski na Mtu wa Nyuma ya Sufuria

Rafiki yangu, Desemba iliyopita nilikuwa Kilungu kwa binti yangu, ambaye ni mwalimu huko, nimezama kwenye kochi linalomeza mtu hadi kiunoni. Binti yangu ana televisheni pana kama mlango wa kanisa. Mimi namenya chungwa langu, sina habari na dunia, akaniambia, "Mama, si ulikuwa unatusimulia ile sinema ya mto na mamba? Wameisafisha upya. Ngoja nikuwekee."

Ikaanza. Nakwambia chungwa lilikauka mkononi. Picha ilikuwa safi mpaka ungeweza kuhesabu meno ya mamba na kujua lipi limetoboka. Vumbi lilikuwa jekundu kama letu lenyewe, na nilijikuta nikipangusa viatu. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo, na nilikuwa nimeiona mara elfu mbili, kwa hesabu yangu ya haraka.

Sisi tuliiona utotoni, kijijini kwetu Tulia, kwa mzee jirani. Alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, deki ya kaseti, na jenereta iliyokohoa kuliko susu, yaani nyanya yangu, wakati wa baridi. Kiingilio kilikuwa maji. Kila mtoto aje na mtungi wa lita tano kutoka mtoni, amwage kwenye pipa la mke wa mzee, ndipo akae kwenye gunia. Jumamosi mchana pipa lilifurika hadi bata wakaogelea. Muthokoi ilichemka jikoni, harufu ya mahindi na kunde inatupitia puani, nasi tumekaza macho kwenye kioo.

Mbele ya kioo mzee alibandika ile karatasi ya plastiki ya kuleta rangi, buluu juu, chungwa katikati, kijani chini. Mbingu ilikuwa buluu na nyasi kijani, vizuri kabisa. Lakini mtu akisogea karibu, kichwa chake kiligeuka buluu na magoti kijani. Kwa miaka mingi niliamini watu wa sinema huzaliwa hivyo.

Hadithi ilikuwa ya daktari mwenye sanduku la dawa, majambazi nyuma yake, mto wa mamba mbele yake. Mzee alitutafsiria Kiingereza kwa Kikamba bila kusita, kwa sauti ya kila mtu, hata ya farasi. Nilipoingia darasa la jioni kujifunza Kiingereza, tayari nina watoto wawili, ndipo nikagundua yule daktari hakuwa akitafuta ng'ombe walioibwa hata siku moja. Lakini nakuapia, hadithi ya mzee ilikuwa tamu kuliko yenyewe.

Sasa sikia kwa nini mzee alinunua vile vyombo vyote. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, alienda kutafuta kazi upande wa Kibwezi. Akakuta wazungu wanapiga sinema, wanataka wapagazi wa kuvuka mto na mizigo kichwani. Akaandikwa kazi. Aliporudi nyumbani akasimulia, na hakuna aliyemwamini. Basi akaitafuta ile sinema miaka na miaka, mpaka akaipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Emali, kaseti isiyo hata na ganda. Akauza fahali wake mkubwa, akanunua deki na televisheni, akaita kijiji kizima.

Siku hiyo wapagazi wakaanza kuvuka. Wa kwanza na hema, wa pili na magunia, wa tatu, wa nne, na mwisho mtu aliyebeba sufuria kubwa. Mzee akaruka juu. "Sasa mimi! Mimi ndiye niliyemfuata huyu wa sufuria. Niko hapa!"

Kidole chake kilikuwa kimepita kioo. Kilikuwa kwenye mbao ya televisheni. Hapohapo picha ikarukia uso wa daktari.

"Baba," mkewe akamwambia polepole, "hapo ni mbao."

Kicheko kilichofuata kiliwahamisha kuku hadi kijiji cha pili. Mzee akarudisha kaseti nyuma. Akarudisha tena. Kila Jumamosi alirudisha mahali hapo, akitafuta nafasi yake, mpaka utepe ukachakaa na picha ikajaa mchele, vile vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Kufikia mwisho wa mwaka wapagazi walikuwa wakivuka mafuriko ya mchele wa pishori.

Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu mzee wa kanisa husimama kutoa ushuhuda. Akisimama kusema Bwana alivyomwokoa na nyoka shambani, lazima mtu wa viti vya nyuma anong'one, "Sufuria." Watu wanainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mzee aliendelea tu, shingo wima. Nilimpenda kwa hilo. Mtu mwingine angehamia Tseikuru kule mbali akachunge mbuzi.

Halafu mimi nikaharibu mambo. Nilipoolewa Makueni nilipata diski ya sinema ileile katika soko la mji wa Wote, inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Picha haikuwa na mchele, na nyuso zilikuwa za rangi ya nyuso. Nikasema, leo mzee wangu anaonekana. Nikaibeba hadi Tulia pamoja na mashine ya kuichezea, nikaita watu kwa mdomo wangu huu mpana.

Wapagazi wakavuka. Mtu wa sufuria alionekana hadi vifungo vya shati. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Ni maji tu, kidogo, halafu uso wa daktari. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Kaseti mbovu ilikuwa imemwachia mzee nafasi ya kubishana, na mimi nilikuwa nimemletea ushahidi wa kumfunga.

"Zima, mwanangu," akasema. "Ng'ombe hawajanywa maji."

Tangu Jumapili iliyofuata hakusimama tena kanisani. Alikaa na kofia magotini, akitazama sakafu. Nililibeba jambo hilo miaka yote, mimi ninayecheka hata matangani.

Sasa turudi Kilungu, kwenye ile televisheni ya mlango wa kanisa. Wapagazi wakaingia mtoni. Lakini mto ulikuwa mpana zaidi! Mtu wa sufuria hakuwa tena pembeni, alikuwa katikati. Na nyuma yake, rafiki yangu, akaja mwingine, kijana mwembamba mwenye masikio yaliyotoka kama vishikio vya chungu. Masikio hayo nayajua. Nilipiga mayowe hadi jirani akaja na panga.

"Walikata pembeni, Mama," binti yangu akanieleza. "Picha ni ndefu, televisheni za zamani zilikuwa za mraba. Diski yako nayo ilikatwa vilevile." Nikachukua ganda la diski yake mpya nikajisomea mwenyewe: picha nzima, kama ilivyopigwa.

Kesho yake tulikuwa Tulia na kompyuta ya binti yangu. Mzee alikuwa ameketi nje na mkewe, anachambua mbaazi kwa vidole, maana macho yalimwishia miaka mitatu iliyopita.

"Mzee, nimekuletea mto," nikasema.

"Urudishe ulikoutoa. Nilishachekwa nikashiba."

Lakini mkewe alikuwa tayari ameinama, pua inagusa kioo. Wapagazi wakavuka mbele yake. Huyu ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Baba," akasema, "uko hapa."

"Usinihurumie. Kama niko, nimebeba nini?"

"Kiti. Kiti cha kukunja, miguu juu. Na unatazama huku, moja kwa moja!"

Mzee akaacha mbaazi. "Walitukataza kutazama kamera."

"Na wewe umetazama."

"Mara moja tu," akasema, na akaanza kucheka, mabega yote. Mkewe akashika mkono wake. Hakumjua akiwa kijana vile, walikutana baadaye. Alimtazama yule wa mtoni kama anayeposwa upya.

Mto wenyewe siku hizi umekauka, unavukwa kwa viatu. Tuliacha sinema iishe, majina yakapita kwenye kioo marefu kama orodha ya mahari, ya wazungu wote, hadi aliyewapikia chai. La mpagazi hata mmoja halikuwepo. Nikamwambia binti yangu aturudishe mtoni, nikatoa daftari langu. Mkewe akataja mzigo, mzee akataja mtu: wa hema alitoka wapi, wa magunia aliacha watoto wangapi, wa sufuria alizikwa lini. Wote wameenda, amebaki yeye. Niliandika kila jina kwa mwandiko wangu wa darasa la jioni, herufi kubwa kama mihogo.

Nikafunga daftari. Mzee akainua kidole.

"Rudisha kidogo, mwanangu. Kuna mmoja nimemruka."