Nguo ya Saba

Likizo ya shule ilipokaribia, fundi cherehani alishona nguo za kuogelea za familia ya kaka yake, kama kila mwaka. Kitambaa kilikuwa mabaki ya jora la mapazia, rangi ya machungwa, chenye madoa meupe. Kaka, mkewe na watoto wao wanne walivaa kitambaa hicho hicho, ili kaka awahesabu kwa urahisi wakiwa majini.

"Shangazi, mwaka huu tunavaa madirisha," alisema binti mkubwa siku ya kujaribu.

"Basi upepo ukivuma msipepee."

Safari hii alishona na ya saba. Hakumwambia mtu. Alijipima mwenyewe katika chumba chake nyuma ya duka, mlango ukiwa umefungwa. Kifua alipima, kiuno alipima. Mgongoni futi ilimteleza kila mara, maana hapakuwa na wa kumshikia ncha ya pili. Mwishowe alikadiria tu, jambo ambalo hangemfanyia mteja hata mmoja.

Safari yao ya kwanza kabisa ya baharini alibaki mchangani kwa sababu ya kitinda mimba, aliyekuwa bado wa kubebwa. Sasa mtoto huyo, ambaye yeye mwenyewe alimpachika jina la Kifungo kwa udogo wake, alikuwa darasa la tatu na aliogelea kama bata. Mtoto alihamia majini, shangazi akabaki na nguo za kulinda. Hakuna aliyemwamuru. Ilizoeleka tu.

Walikwenda kwa gari la kusambazia mikate, ambalo kaka alilitumia kazini. Watoto walikaa nyuma juu ya makreti. Yeye alikaa mbele, katikati ya kaka na wifi, ile nguo ikimbana mgongoni chini ya gauni.

Ufukweni, mkeka ulikuwa haujanyooka vizuri walipoanza kumkabidhi vitu.

"Wifi, hebu nishikie saa hii."

"Shangazi, simu yangu usiikalie!"

"Dada, ufunguo wa gari huu hapa. Ukipotea, mikate ya kesho utaipeleka wewe kichwani."

"Na mimi leo nilitaka niingie kidogo," alisema.

Wifi yake akacheka, bila ubaya. "Wewe? Maji yenyewe yatakukimbia!" Akampiga bega kidogo, akawafuata wenzake mbio.

Fundi akaketi. Akakunja mashati, kola juu, kama yanayosubiri wenyewe dukani. Akapanga viatu jozi kwa jozi. Mwanamume mmoja akaja na watoto wawili wasiojulikana.

"Samahani, mama, tuangalizie na vya kwetu. Naona wewe ndiye wa kukaa hapa."

Alivipokea. Lakini maneno yale yalimganda. Kule majini wale sita walikuwa wakirushiana maji na kupiga kelele, na hakuna aliyegeuza shingo.

Akainuka. Saa na simu akazifungia ndani ya gari, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi mnene wa kushonea. Akamwendea mwanamke aliyekuwa akikodisha maboya hatua chache kutoka pale.

"Dada, nitupie jicho kwenye mkeka ule."

"Nenda tu. Nikiwepo mimi hapa haiguswi hata ndala."

Akavua gauni, akalikunja, akaliweka juu ya viatu. Aliingia majini kwa pembeni, mahali palipokuwa na watu wachache. Maji yalipofika kiunoni alinyoosha mikono, na mshono wa mgongoni ukalia, lakini ukashika. Akaanza kuwasogelea.

Wakati huo kaka alikuwa akihesabu watu wake kabla ya chakula. Alitakiwa kuona watano mbali na yeye. Akaona sita. Akajipangusa macho, akarudia.

"Tumezidi!" akamwambia mkewe kwa sauti.

"Tumezidi vipi?"

"Kuna mtoto wa watu kavaa pazia letu!"

Wote wakageuka. Kifungo ndiye aliyeona. "Si mtoto, baba! Ni shangazi!"

Wakacheka mpaka wakayumba. Naye alicheka, akainua mkono, akangoja mmoja wao aseme njoo.

"Haa!" wifi akashtuka. "Sasa nguo umemwachia nani?"

Alikuwa hajamaliza kutaja mwenye maboya, wimbi likampiga kinywani. Alipofuta uso, watoto na mama yao walikuwa wakikimbilia mchangani. Kaka peke yake ndiye aliyebaki kidogo.

"Umependeza, dada. Ufunguo je?"

Akamwonyesha shingoni.

"Afadhali. Ngoja nikawatulize wale." Naye akaondoka.

Vitu vyote vilikuwa mahali pake. Wakaketi, wakafungua vyakula huku meno yakigongana kwa baridi. Fundi alibaki amesimama ndani ya maji. Miaka yote alikuwa akiviona vichwa vyao kutoka pale mkekani. Leo aliiona migongo yao, sita, na kila mshono aliujua.

Kifungo akasimama, akaweka mikono mdomoni. "Shangazi! Chakula!"

"Nakuja!"

Hakutoka. Alijishusha mpaka maji yakamfika mabegani. Kule mkekani walikuwa wamebanana, bega kwa bega, ila upande mmoja walikuwa wameacha nafasi ya kumtosha mtu, pale pale pembeni, kando ya ile safu ya viatu.