Bima Isiyokijua Kifua cha Eusebius

Jumanne, tarehe 22 Juni 1954. Asubuhi ya leo ukungu umelala juu ya mashamba ya ngoro, yale ya vishimo-vishimo, hapa Maguu, na baridi inauma masikio.

Eusebius Ndunguru yumo shimoni chini ya gogo, ameshika mpini wa chini wa msumeno mrefu. Juu ya gogo amesimama mwenzake, Kilian. Kila msumeno unaposhuka, unga wa mbao unammwagikia Eusebius usoni. Anafumba macho, anavuta.

"Vuta, bwana harusi wa Nyasaland!" Kilian anamtania. "Au mawazo yako yameshapanda meli?"

"Yalipanda zamani," anajibu Eusebius kutoka chini. "Umebaki mwili tu."

Wapasua mbao hawa wamekuwa pamoja tangu ujana wao. Mabenchi ambayo majirani hupigia magoti kanisani yametoka katika shimo hili. Lakini mwaka huu Eusebius anataka kuliacha kwa muda, akamtafute kaka yake, Blasius.

Blasius alivuka Ziwa Nyasa kwenda kutafuta kazi, akaahidi kurudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yamekomaa mara nyingi tangu siku hiyo. Mwezi uliopita, mchuuzi wa samaki kutoka Lipingo alileta habari: Blasius yu hai, ni seremala karibu na bandari moja ya ng'ambo, huko Nyasaland, na anaona haya kurudi mikono mitupu.

"Alikuwa akiimba sauti ya pili kanisani," anasema Eusebius. "Hata sasa nikiisikia sauti hiyo nyuma yangu, nageuka. Najua si yeye, ila nageuka."

Mama yao, Bibi Celestina, huichuma mwenyewe mibuni aliyoipanda Blasius. Hataki mkono mwingine uiguse.

Kinachomtisha Eusebius ni kifua chake. Vumbi la mbao limempa kikohozi kisichoisha, na wakati wa baridi humbana hadi akaketi chini. Kuugua nyumbani si neno, anasema, lakini ugenini nani atampa hata maji?

"Naogopa tupotee wawili. Mama atatulilia kwa machozi gani?"

Ndiyo sababu wiki iliyopita alishuka hadi Mbinga kumwona Florian, karani anayeuza bima za wasafiri. Florian alimweleza kwamba zipo mbili. Ile ndogo, ya shilingi nane, hulipa ajali tu. Kubwa, ya shilingi thelathini, hulipa ajali na hospitali pia, ili mradi ugonjwa uanzie safarini.

"Nataka kubwa," alisema Eusebius.

"Vema. Una ugonjwa wowote wa zamani?"

Kabla hajajibu, alikohoa. Alikohoa mpaka Florian akaweka kalamu chini.

"Bwana Eusebius, hicho kikohozi kimeanza leo?" Kisha akainama, akanong'ona, "Sema ndiyo. Nani atajua?"

"Nimetoka kuungama Jumamosi, ndugu yangu. Usinirudishe huko mapema. Ni cha miaka."

"Basi kifua hakimo. Malaria imo, kuhara kumo, mguu ukivunjika umo. Kifua, hapana."

Eusebius alitoka nje, akasimama juani, akasali Baba Yetu polepole. Aliporudi ndani, alilipia ile kubwa.

"Sehemu nyingine za mwili nazo ni zangu," anasema.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake, "Mama, nimekata bima." Bibi Celestina, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alimrukia akamshika mkono.

"Umekatwa wapi? Nionyeshe!"

Ilibidi amweleze yote kwa Kimatengo. Mama alicheka hata akafuta machozi. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wanatibu mwili wote, isipokuwa mahali panapouma?"



Jioni hii wanaume wa ukoo wameketi kwenye sengu, mlo wa pamoja ambapo Wamatengo huamulia mambo yao. Kilian amealikwa. Wanawake wanasikiliza mlangoni. Eusebius anasema ataondoka kahawa ikishaanikwa, na kwamba anatumaini kurudi na Blasius kabla ya Noeli.

Baba yake mdogo, Xaveri, anaacha kula. "Na kifua kikikubana huko, mwanangu, nani atakuleta?"



"Mimi," anasema Kilian, mdomo umejaa.

"Kilian, acha mzaha," Xaveri anamkemea.

"Asimame aseme," Bibi Celestina anaita kutoka mlangoni. "Mzaha husemwa umekaa."

Kilian anameza tonge. Ananawa mikono, anasimama. Hacheki.

"Mimi Kilian, mbele yenu na mbele ya Mungu. Habari ikinifikia kwamba Eusebius anaumwa ng'ambo, nitavuka. Asipoweza kutembea, nitambeba. Mama, umenisikia? Sirudi peke yangu."