Lenzi ya Kunyooshea Ukuta wa Bokoli

Kanisa la Bokoli nililijenga kwa mawe ya kuchonga nikiwa kijana, nisiyejua kusoma hata jina langu, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kunionyesha kosa katika ukuta wake. Mwaka huu wazee wa kanisa walinionyesha picha walizopiga kwa simu. Ukuta wa mbele ulionekana umelala nyuma, pembe zake zikikaribiana kuelekea paani. Wakasema umeinama, ni hatari, kanisa litabomolewa. Niliomba niupime kwa timazi. Wakakataa, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa tena kuukaribia.

Mjukuu wangu, ambaye ni mpiga picha mjini Kitale na ndiye anayeandika haya ninayosema, alinieleza kwamba simu ikielekezwa juu hulaza kila jengo. Iko lenzi, alisema, inayoweza kupanda na kuinama huku kamera ikibaki wima, na ukuta ukatoka jinsi ulivyo. Akaiazima. Sikutaka kuliokoa kanisa. Hilo lilikwisha amuliwa. Nilitaka ijulikane kwamba sikujenga ukuta uliopinda.

Tulipofika asubuhi, tingatinga lilikuwa tayari langoni. Mjukuu aliniketisha mbali na ukuta, akanipa lenzi niishike ili asimamishe stendi.

"Kuka, babu yangu, shika hapa nyuma. Huku mbele kunatembea."

Nikazungusha skrubu ya pembeni ili nione kunavyotembea. Sikumwambia. Alipolinganisha nukta ya lenzi na ya kamera na kuanza kuifunga, lenzi ilikwama katikati. Skrubu niliyoigusa ilikuwa imegonga paji la kamera, pale inapotokeza juu ya lenzi.

"Sukuma," nikaamuru.

"Kuka, hii si jiwe."

"Mzee!" dereva wa tingatinga akaita. "Hiyo lenzi yenu imepinda kuliko kanisa, bana. Si mpige tu na simu tumalize?"

"Nyamaza, wewe uliyefunzwa kubomoa tu!"

Mjukuu aliitoa taratibu, akarudisha kila kipimo kwenye sufuri, akakaza, akaizungusha upya hadi ikalia tik. Alipima mwanga kwanza, ndipo akaipandisha lenzi mpaka paa likaingia lote. Lenzi ile haijilengi yenyewe; ilimbidi azungushe pete kwa vidole, jicho likiwa kwenye kioo, mpaka mawe yawe wazi. Dereva akawasha injini. Ardhi ilikuwa imeloa mvua ya jana.

"Kuka, siwezi kuachilia hapa. Nitazamie pima maji ya stendi. Kiputo kiko katikati?"

Pima maji nimeitumia maisha yangu yote. Nikainama. Macho yangu yana ukungu, na kipimo chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Sikuona kiputo chochote.

"Kiko," nikasema.

Akapiga picha moja. Tingatinga likapita mbele yetu, na kabla ya saa sita kazi yangu ya miezi kumi na minne ilikuwa kifusi.

Tuliporudi Kitale, mjukuu alinifungulia picha kwenye kompyuta, akaikuza hadi hata mimi nikaona. Pembe hazikukaribiana tena. Hapo wazee walikosea. Lakini zote mbili zililala kulia, upana wa kidole.

"Stendi ilizama kidogo kwenye matope," mjukuu akasema. "Nitainyoosha hapa, ni sekunde tu."

"Usiiguse."

Alidhani nimemkasirikia. Huenda stendi ililala. Huenda pia msingi wangu ulititia upande huo wa kulia, unaoelekea mtoni, na ukuta ukaufuata pole pole bila mimi kujua. Picha inaonyesha vyote viwili kwa namna moja. Ningerudi kuupima, lakini mawe yamekwisha pakiwa kwenye lori kwenda kujaza mashimo ya barabara.

Mjukuu wangu ameinua kichwa, kalamu mkononi. Ananiuliza kama kweli sikukiona kile kiputo.

Andika, nimemwambia. Andika kwamba sikukiona.