Mashine Isiyojua Kusema Sijui

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka, na si kwa woga. Chumba cha kompyuta cha shirika letu, pale Chang'ombe, kilipoozwa mchana kutwa ili mashine isipate joto, nami nilikuwa nimetoka nyumbani Temeke na gauni jepesi. Mwandishi wa programu aliyepewa kazi ya kunifundisha, Ndugu Mapunda, alivua sweta lake la kijani akanipa.

"Vaa, dada. Humu ndani ni kama kwetu Mbinga mwezi wa saba."

Nyie mnaotembea na kompyuta mfukoni mtanivumilia nikieleza taratibu. Yetu ilijaza chumba kizima, na tuliilisha kadi zenye matundu. Ndani yake palikuwa na programu mama, ile mnayoiita kiini cha mfumo, inayozitawala nyingine zote. Programu ndogo zilitumana kazi, na kila iliyomwita mwenzake iliacha kwenye kumbukumbu anwani ya mahali pa kurejea. Anwani hizo zilipangwa kama sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Mashine ikianguka, yaani ikikwama ghafla kazini, programu mama ilizichapa kuanzia sahani ya juu hadi ya chini ili tujue nani alitumwa na nani. Chapa hiyo tuliiita karatasi ya nyayo.

"Usikimbilie jina la juu," Mapunda aliniambia. "Huyo ndiye aliyekutwa tu. Muulize na aliyemtuma."

Shida ilikuja pale kazi ilipokatizwa ghafla, kwa mfano tepu, ule utepe wa kuhifadhia taarifa, ikiomba kuhudumiwa. Programu mama iliruka kwenda kuihudumia bila kuacha anwani kwa utaratibu, na mashine ikianguka wakati huo, karatasi ilitoka na pengo. Mkuu wa Kituo, mwalimu wa zamani, hakupenda mapengo.

"Pengo ni uzembe," alimwambia Msimamizi wa Programu. "Mashine ya wananchi itasemaje haijui?"

Msimamizi akatii. Akaiongezea programu mama ujanja: nyayo zikikatika, itafute kwenye kumbukumbu namba yoyote inayofanana na anwani ya kurejea, iichape. Tangu hapo karatasi zikatoka zimejaa, na wageni wakawa wanaonyeshwa. Lakini kumbukumbu ya mashine haifutwi sahani inapoondolewa. Anwani ya zamani hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Msimu wa kugawa mbegu kwa vijiji vipya, mashine ilianguka katikati ya kazi na tepu ya mgao ikaharibika. Malori yalilala ghalani Barabara ya Pugu tukihangaika kuanza upya, na huko vijijini mvua zikatangulia mbegu. Siku zile hujuma lilikuwa neno jepesi mdomoni. Ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi, na Mkuu akasimama na karatasi ya nyayo.

"Programu ya kupanga majina ya vijiji ni ya nani?"

"Yangu, Ndugu Mkuu," Mapunda alijibu. "Lakini huwa imekwisha kazi kabla tepu haijaguswa."

"Karatasi inasema ilikuwamo."

"Basi karatasi imekosea."

Ukumbi ukaguna. Mkuu akatabasamu kama mwalimu aliyemnasa mtoro. "Mashine haina ndugu wala adui hapa. Ikusingizie kwa lipi?"

Nilisimama nikaomba kazi irudiwe kwanza tuone. Niliambiwa niketi. Mapunda aliachishwa kazi siku hiyohiyo, akatolewa getini na askari, na sweta lake likabaki kwenye kiti changu.

Alijaribu kutengeneza redio kibarazani kwake Tandika. Wateja hawakuja, maana nani ampelekee mhujumu redio yake? Akaanza kukohoa, akakonda. Kila nilipokwenda kumwona aliuliza swali moja.

"Umeipata sababu?"

"Bado, kaka."

"Mie nilishaondoka pale. Tafuta kwa nini bado inaniona."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Siku mashine ilipokuwa haina kazi, niliiacha programu yake ifanye kazi mpaka ikamaliza, kisha nikaikatiza tepu makusudi hadi mashine ikaanguka. Karatasi ikatoka, na jina la juu lilikuwa la programu ya Mapunda, ambayo ilikwisha kazi zamani ikaacha anwani yake nyuma. Nililia mle ndani kwenye baridi.

Mkuu aliitazama karatasi, akavua miwani. "Rekebisheni," alisema. "La Ndugu Mapunda limeshafungwa."

Tuliirekebisha, mimi na Msimamizi, ambaye tangu siku hiyo hakunitazama usoni. Kila programu ndogo ikalazimika kuweka alama yake inapoingia na kuiondoa inapotoka. Programu mama nayo ikaweka alama pale ilipokatiza kazi. Anwani isiyoungana na mwenzake haikuchapwa tena, na mnyororo ukikatika, mashine iliandika SIJUI ikanyamaza. Mkuu alilipinga sana neno hilo. Msimamizi alimtuliza kwa kumwambia kwamba angalau ni Kiswahili.

Mapunda alifariki kabla hatujamaliza.

Tulikuwa tumehifadhi nakala ya kumbukumbu ya mashine kama ilivyokuwa siku ya mkasa. Niliipitisha kwenye programu mama mpya, na karatasi ikaonyesha hatua moja tu ya uhakika, ya programu mama yenyewe. Chini yake: SIJUI. Baada ya arobaini niliichukua pamoja na sweta, nikaenda Tandika kwa mjane wake, Mama Getruda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Inasemaje hiyo? Mie siwezi kuisoma."

"Inasema haijui nani aliyeharibu."

Aliweka mkono juu ya sweta. "Ingesema hivyo siku ile, mume wangu angefukuzwa?"

"Hapana, dada."

"Na nyie hamkuiruhusu iseme."

Aliniambia sweta nirudi nalo, kwa kuwa sisi bado tunakaa kwenye baridi.

Nilifanya kazi chini ya wakuu wengine wengi, kwenye mashine zilizozidi kuwa ndogo, mpaka nikastaafu. Kila mkuu alitaka karatasi iliyojaa, na kila mmoja nilibishana naye. Waliniona mkaidi, na kweli nilikuwa mkaidi. Vijana wanaokuja kunisalimia hapa Tabata hudhani niliyapenda mabishano.

Sweta ninalo. Hapa hakuna baridi ya kulivaa. Siku nyingine hulitoa sandukuni, nikalishika, na moyo huniuma kama siku ile alipotolewa getini bila hata kugeuka kuliulizia.