Mashini ya Kusaga Tuliyoikosa

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo hata nizeeke namna gani haitanitoka kichwani. Juzi uliponiambia kwamba hoteli moja pale Kamakis imefungwa na vyombo vyake vinauzwa, na wewe unayataka yale majiko, niliinama nikachochea moto. Ulifikiri cucu yako, nyanya yako mimi, hajasikia. Nilisikia. Nilikuwa nimerudi kwenye hiyo Ijumaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa kati ya Ruiru na Witeithie, na mume wangu alikuwa bado kizuizini kwa ajili ya Mau Mau, kama wanaume wengi wa kwetu. Sisi wanawake tulichuma kahawa ya Wazungu, tukalima vipande vyetu, na mahindi tuliyovuna tuliyabeba mgongoni hadi Thika kusagisha, maana upande wetu hapakuwa na mashini. Unatoka alfajiri na karatasi ya chifu ya kukuruhusu kusafiri, unapanga foleni, unarudi jua likizama. Unga wenyewe ukifika nyumbani umeshaloa jasho lako.

Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Nyina wa Njoroge, yaani mama yake Njoroge. Mkanda wa mzigo ulikuwa umemchimba paji la uso, mfereji kabisa, ungeweza kulaza kidole humo. Yeye ndiye aliyetukusanya wanawake kumi na wanne na kusema, "Tutanunua mashini yetu. Shingo zetu si za punda." Miaka miwili kila mmoja alileta alichopata, naye akakitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na kuufukia chini ya jiwe la jiko lake. Hakuna aliyemwuliza. Alikuwa mtu wa kutoulizwa.

Basi Mzungu mmoja wa kahawa akaamua kurudi kwao. Shamba lake lilikuwa na mashini ya kusagia posho ya wafanyakazi, ya injini, na habari ikatufikia kwamba inauzwa. Mimi ndimi niliyetumwa, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka na namba nilizijua. Kusoma barua sikujua. Namba nilijifunza kwenye madebe ya kahawa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopotelea. Vitu vya yule Mzungu viliuzwa kwa njia mbili. Vidogo, yaani meza, majembe, mikokoteni, viliuzwa kwa mnada palepale shambani siku ya Jumanne. Kila kitu kilipigwa namba ya chaki. Dalali alisimama juu ya sanduku, anataja bei, watu wanapandishana, na asipopata wa kuongeza anapiga nyundo, kitu kinakuwa chako na unakilipia hapohapo. Vikubwa kama mashini viliuzwa kwa tenda. Huko hakuna kelele. Unaandika bei yako kwenye karatasi, unaifunga ndani ya bahasha, unaitumbukiza kwenye sanduku la bati lenye kufuli katika ofisi moja ya Thika, na Ijumaa saa sita sanduku linafunguliwa.

Jumanne nilienda mnadani kutazama tu. Nyina wa Njoroge alikuwa ameniambia, "Nenda ukaione mashini. Uizunguke. Ukiweza, lala chini uitazame tumboni, maana wanaiuza kama ilivyo, na ikishakuwa yetu hakuna wa kumlilia." Niliizunguka. Ilikuwa nzima, imepakwa grisi vizuri, mawe yake bado makali.

Halafu dalali akainua mizani ya kupimia unga. "Shilingi thelathini!" Kimya. "Ishirini!" Kimya. Nikaona mkono wangu umejiinua wenyewe.

"Kumi!" nikapiga kelele.

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu mama anapimia nini, viroboto?"

"Napimia maneno yako," nikamjibu, "nione kama yana uzito."

Wakacheka tena, sasa wanamcheka yeye. Dalali akatafuta wa kuongeza, hakuna. Nyundo ikalia. Mizani ikawa yetu kwa shilingi kumi, nikazilipa kwa pesa yangu ya kahawa, nikaibeba hadi nyumbani nikiimba njia nzima. Wanawake walinipigia vigelegele. Nyina wa Njoroge aliigusa mizani, akasema, "Ni nzuri. Lakini hatukukutuma mizani." Mimi sikusikia neno hilo. Kichwa changu kilikuwa kimevimba, nimeshakuwa mfanyabiashara.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa nyuma ya jengo tukakubaliana bei. Nyina wa Njoroge alisema tuandike shilingi mia nane, yote tuliyokuwa nayo. "Kuna wengine wanaoitaka," akasema, "na sisi hatuna pengine pa kwenda." Wote tukaitikia. Nami niliitikia.

Ijumaa asubuhi niko Thika. Ofisini palikuwa na karani mpole aliyetoka upande wa Nyanza, anaitwa Odhiambo. Akanipa karatasi, akaona siwezi kuijaza, akachukua kalamu anisaidie.

"Mnatoa ngapi, mama?"

Mwanangu, mpaka leo sijui ni nani aliyenijibia. Mimi nilikuwa nimekulia sokoni. Sokoni ukitaja pesa yako yote mara ya kwanza, wewe ni mjinga. Bei ya kwanza ni kama kubisha hodi tu. Mwenye mali anakataa, unaongeza kidogo, mnakutana katikati, kila mtu anaenda kwake akicheka. Hivyo ndivyo nilivyonunua kila kitu maishani mwangu, na hiyo mizani pia.

"Andika mia sita na hamsini," nikasema.

Akainua macho. "Hiyo ndiyo yenu ya mwisho?"

"Ya mwisho ya nini? Hiyo ni ya kuanzia. Wakiona ni ndogo, si wataniita?"

"Mama, hapa hawaiti mtu. Wanafungua, wanasoma, aliye juu anachukua."

"Wewe unakula mshahara wao," nikamwambia. "Lazima useme hivyo ili tutoe nyingi."

Alinitazama hivi, akaweka kalamu chini, akaichukua tena. "Haya," akasema. "Ni pesa zenu." Akaandika. Nikaweka alama ya kidole, nikatoa ile sehemu ya malipo waliyotaka itangulie, nikalamba gundi ya bahasha kwa ulimi wangu mwenyewe. Ulimi huuhuu.

Saa sita tukaingia. Tulikuwa watu watano. Odhiambo akafungua kufuli, Mzungu wa ofisi akachana bahasha moja moja na kusoma kwa sauti. Mia nne. Mia tano na thelathini. Yetu. Nikatabasamu, maana tulikuwa juu. Kisha ya nne, ya chini. Kisha ya mwisho, ya mwenye duka mmoja wa Thika aliyevaa kofia ya kahawia: mia saba na kumi.

Mia saba na kumi, mwanangu. Na mimi nilikuwa na mia nane ya wenzangu.

Nikasimama. "Naongeza!" nikasema. "Mia saba na hamsini!" Mzungu hata hakuinua kichwa. Nikasema, "Mia nane! Ninazo hapa!" Nikaanza kufungua fundo la kitambaa mbele ya wanaume wale.

Odhiambo akaja taratibu akaufunika mkono wangu. "Mama, hapa hakuna kuongeza. Imeshafungwa." Hakuniambia kwamba alinionya. Laiti angeniambia, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Yule wa kofia aliitia sahihi karatasi yake. Akapewa siku saba za kuiondoa mashini, akaipeleka Thika, mjini kulekule tulikokuwa tukienda kwa miguu. Tulirudishiwa tulichotanguliza, hakikupungua hata senti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama ningeibiwa, ningesema niliibiwa.

Nilitembea hadi nyumbani. Wanawake walikuwa wananingoja barabarani na mmoja alikuwa ameshafagia kibanda tulichopewa cha kuiweka. Niliwaambia. Hakuna aliyenitukana. Nyina wa Njoroge alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Hizo mia moja na hamsini ulizozificha, ulikuwa unamwekea nani?"

Nilitua fundo la pesa miguuni pake. Jibu lake nimelitafuta tangu siku hiyo.

Tulisema tutaweka tena, tutangoja nyingine. Hatukuweka. Kila mmoja alichukua chake, mmoja kwa karo, mwingine kwa mabati, na Jumatatu moja, mashini ilipoanza kazi, tukafunga mizigo tukaenda Thika kusagisha kwa yule wa kofia. Nyina wa Njoroge alitangulia mbele, mkanda kwenye paji la uso, mimi nyuma yake nikitazama visigino vyake. Hivyo kwa miaka mitano.

Mashini ilipokuja karibu na kwetu, ililetwa na mwanamume mwingine, na Nyina wa Njoroge shingo yake ilikuwa imeshakataa, hatoki kitandani. Nilisagisha unga wa kwanza nikampelekea kwenye kiondo. Alichovya kidole, akaonja, akaufikicha kwa vidole.

"Wanaharakisha," akasema. "Unga umeungua. Yetu tungesaga polepole."

Haiya. Yetu, alisema. Miaka mitano, na bado alikuwa akiisagisha kichwani mwake.

Sasa nisikie. Hayo majiko ya Kamakis, kwanza uliza yanauzwa kwa nyundo au kwa bahasha, maana hizo ni nyumba mbili zenye milango tofauti. Ikiwa ni nyundo, nenda na bei yako kichwani na ukifika hapo funga mdomo, usichekeshwe na watu ukapandisha. Ikiwa ni bahasha, andika ile bei ambayo mwingine akiipita utalala usingizi bila kujilaumu. Siku ya kutazama, nenda na fundi, uyawashe, uiname uangalie nyuma, kwa sababu ukishayalipia kutu yake ni yako. Uliza ni siku ngapi unapewa za kuyaondoa, na uwe na mahali pa kuyaweka. Karani akikuonya, msikilize, hata kama analipwa na wao. Na ukitumwa na watu, mwanangu, peleka neno walilokutuma. Ukijiona una akili kuliko wao, rudi kwanza uwaambie usoni.

Mizani iko chini ya kitanda changu, nimeipaka mafuta. Ichukue. Ndiyo kitu pekee nilichowahi kununua nikashangiliwa, na sijawahi kupimia unga wetu hata kilo moja.

Njoo karibu nikutemee mate kifuani, kama tulivyobarikiwa sisi. Mungu akupe macho siku ya kutazama, akupe moyo mzima siku ya kuandika, na wale wanaokungoja barabarani wasikuone ukirudi mikono mitupu. Nenda na amani.