Mwanafunzi wa Maegeshoni

Verlyn Stadtmueller aliendesha lori la maziwa huku Wisconsin, Marekani, maisha yake yote, na hakuwahi kumwachia mtu mwingine usukani. Moyo wake tu ndio alioona ni kazi ya mkewe.

Baada ya kupasuliwa moyo, Verlyn alipangiwa darasa la kila Jumanne, ambako wagonjwa wa moyo hufundishwa kula na kujitunza. Alimfikisha mkewe, Arlene, mlangoni, kisha akabaki garini, injini ikiunguruma, akila soseji na jibini ya kukaanga. Mimi ndiye muuguzi wa darasa hilo. Nilitoka kwenye theluji nikamgongea kioo.

"Mzee, aliyepasuliwa kifua ni nani?"

"Mimi, dada. Lakini mpishi ni yeye. Akijua yeye, inatosha."

"Na wiki ijayo ni mazoezi. Atatembea kwa niaba yako pia?"

"Miguu yake mizuri kuliko yangu!" Akacheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni.

Wanaume wa aina hii huuita uvivu wao mapenzi ya ndoa. Arlene alipika bila chumvi, Verlyn akaenda kushibia baa. Arlene alitembea kila asubuhi, Verlyn akajisifu kwa majirani: "Siku hizi tunajitunza."

Theluji ilipoyeyuka, akarudishwa hospitali kwa machela. Daktari akamuuliza alijifunza nini darasani. Verlyn akamgeukia mkewe.

"Mama, hebu mwambie."

Arlene alikuwa ameshavaa koti.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi nakwenda kutembea."